Biharusi na Meli Iliyozama: Mimi Nasema Zamieni, Lakini kwa Mpango



Kila msimu wa harusi maswali ya fungate huwa yale yale: hoteli gani, picha tupige wapi. Siku hizi limeingia jengine: inafaa biharusi wa Kiislamu azamie na mumewe kuangalia meli iliyozama? Wengi hujibu haraka, "Mwanamke na bahari, wapi na wapi?" Jibu hilo silikubali.

Tazameni Paje na Jambiani maji yakitoka. Nani yumo baharini? Mama zetu, maji kiunoni, wanafunga mwani. Wengine wako mwambani wanachokoa pweza. Hakuna anayewaambia pale si pahala pao. Maneno huanza mwanamke anapotaka kuingia kwa kujifunza na kustarehe. Kama bahari ni halali kwa jasho lake, vipi iwe aibu kwa furaha yake, akiwa na mumewe na stara yake?

Na cha kuona kipo. Karibu na Mji Mkongwe imelala Great Northern, meli ya Kiingereza iliyokuwa ikitandaza nyaya za telegrafu chini ya bahari, ikazama mwaka 1902. Iko kiasi cha mita 12 tu, ndiyo maana hata wanaoanza hupelekwa. Chuma kimeota matumbawe na samaki wameweka makaazi. Chini zaidi ipo Pegasus, manowari ya Uingereza iliyopigwa na Königsberg ya Wajerumani hapa bandarini tarehe 20 Septemba 1914. Mabaharia 38 walikufa, na baadhi yao wamezikwa kisiwani Chapwani. Wageni hutoka mbali kuja kuyaona haya, sisi wenye kisiwa tunahadithiwa.

Tuje kwenye stara. Tusidanganyane, nguo ya kuzamia hubana mwili. Lakini unaweza kuvaa juu yake vazi pana la kitambaa cha kuogelea, mwalimu akahakikisha hakuna kinachoning'inia kikanasa. Kofia ya kuzamia hufunika nywele na shingo. Ulizeni mapema kama yupo mwalimu mwanamke, na kama mnaweza kupata boti yenu peke yenu. Ikiwa hayo hayapatikani, subirini. Ndoa haiishi siku saba.

Kwangu mimi, la stara lina dawa. Linalonitia hofu ni kwamba wengi wetu tumezaliwa hatua chache kutoka pwani na hatujui kuogelea. Baada ya Spice Islander mwaka 2011 na Skagit mwaka 2012, hatuna haja ya kukumbushwa bahari huchukua nini. Kule Nungwi, Mradi wa Panje umefundisha wasichana kuogelea wakiwa na mavazi ya stara na mitandio yao. Basi inawezekana, na dini haikuvunjika.

Kwa hiyo mpango wangu ni huu. Somo anamfunda biharusi mengi; na kuogelea kuwemo, miezi kadhaa kabla ya harusi, na mwalimu mwanamke. Kuzamia kuje baadaye. Ukifika huko, shika mawili matatu: usizuie pumzi chini ya maji, panda juu polepole, na usipande ndege siku hiyo hiyo. Ukihisi una mimba, acha, hata kama pesa imeshalipwa.

Na mkifika kwenye meli, msichukue kitu, hata msumari. Pale walipokufa watu tunapita kwa adabu, wawe wa dini yoyote.

Dada, kabla hujalipia mpiga picha wa pili au keki ya ghorofa tano, toa fungu la masomo ya kuogelea. Keki italiwa usiku mmoja. Kuogelea utawafundisha wanao, inshaallah.