Kiatu cha mgeni, mguu wa mgumu

Leo asubuhi Mlima ulikuwa wazi mpaka kileleni, halafu ilipofika saa nne mawingu yakaufunika kama kawaida yao. Najua niliwaahidi makala ya bei ya kahawa. Itakuja, msichoke. Leo naomba tuongelee viatu. Tena siyo viatu vyenyewe, bali kile kipande cha sponji kinachowekwa ndani, chini ya kisigino, ili kiatu kinachopwaya kikae mguuni.

Usicheke kwanza. Nisikilize.

Wiki mbili zilizopita nilinunua viatu vya ngozi pale soko la Memorial. Kwa wasioijua Moshi, Memorial ndiko wengi wetu tunakovalia, mitumba ya kila aina. Kilikuwa kiatu kizuri bwana, rangi ya kahawia, soli imeshonwa na siyo ya kubandika na gundi. Tatizo lilikuwa moja tu: namba 43, na mimi navaa 42. Muuzaji akaniambia, "Mangi, hiyo ngozi itakukubali yenyewe." Nikalipa. Mwandishi anayelipwa kwa stori haachi kiatu cha namna ile kwa sababu ya namba moja.

Siku ya tatu nilikuwa natembea kutoka stendi kwenda mahakamani kama bata. Kisigino kinatoka, kinarudi, kinatoka, kinarudi. Jioni nikavua soksi, lengelenge hilo. Kesho yake fundi viatu mmoja wa jirani na mnara wa saa aliniona ninavyochechemea, akacheka, akatoa kwenye boksi lake pea ya sponji za kisigino. Shilingi elfu tatu. Akanionya: "Weka zote mbili, hata kama unaumia mguu mmoja. Ukiweka moja utatembea umepinda upande." Nikaweka, na mpaka leo natembea vizuri.

Sasa kwa kuwa nina tabia ya kuuliza maswali hata nisipolipwa, nilitaka kujua kile kisponji kinafanya nini hasa. Ni jambo rahisi. Kiatu kinachopwaya hakitembei pamoja na mguu. Mguu unaenda, chenyewe kinabaki nyuma kidogo, halafu kinafuata. Kila hatua ngozi ya kisigino inavutwa huku na huku, mwishowe tabaka za ngozi zinaachana na maji yanajaa katikati. Hilo ndilo lengelenge. Sponji inaunyanyua mguu kidogo, inajaza nafasi iliyokuwa wazi, na mguu unabanwa vizuri zaidi pale juu penye kamba. Nyingine zinabandikwa nyuma, kwenye ukuta wa ndani wa kiatu, ili kisigino kisiteleze. Sponji pia inapunguza kishindo unapokanyaga lami au saruji.

Lakini ina mpaka wake, na hapa ndipo naomba mnisikilize vizuri. Kwa vipimo vya Ulaya, namba moja ya kiatu ni theluthi mbili za sentimita. Yaani kutoka 42 kwenda 43 urefu unaongezeka milimita kama saba. Hapo sponji inaweza kukusaidia. Namba mbili ni milimita 13, na hapo unaanza kujidanganya. Namba tatu ni sentimita mbili kamili. Weka kidole gumba chako mezani uutazame upana wake. Hiyo ndiyo nafasi yenyewe, na hakuna sponji ya kuiziba. Ukizidi kuweka sponji nene, kisigino kinapanda juu mpaka kinataka kutoka kwenye kiatu, na mguu mzima unainamia mbele.

Wengi wetu hatuoni ajabu kwa sababu tumekulia ndani ya viatu vinavyopwaya. Januari shule zinafunguliwa, mama anakupeleka sokoni, anabonyeza ncha ya kiatu kwa kidole, anakuta mguu wako haujafika, anafurahi. "Atakulia humo." Kikipwaya sana tunajaza karatasi mbele, tunaenda mstarini. Mwaka unaofuata kikianza kukutosha, soli imeisha. Sijui wewe mwenzangu, lakini mimi sikumbuki kuvaa kiatu cha shule kilichokuwa saizi yangu halafu kikawa bado kizima. Simlaumu mama. Alikuwa anapiga hesabu ya hela aliyokuwa nayo. Ila tulijifunza kitu pale bila kujua: kwamba kiatu ndicho kinachoamua, na kazi ya mguu ni kuvumilia.

Mjini hilo ni la kuchekesha. Mlimani siyo.

Jumapili iliyopita nilipanda Kibosho kumwamkia mama mkubwa. Nikamkuta kaka, mtoto wake, amekaa uani, miguu iko kwenye beseni la maji ya chumvi. Kaka ni mpagazi, au kama tunavyowaita huku, mgumu. Alikuwa ameshuka mlimani jana yake, safari ya siku saba. Alipoutoa mguu kwenye maji nikaona kucha za vidole gumba zote mbili zimekuwa nyeusi, na visigino vimechunika.

Buti zake zilikuwa juani zinakauka. Nikaokota moja, nikageuza soli. Namba 45.

"Kaka, si wewe unavaa 42 kama mimi?"

"Navaa 42. Hizo alinipa mgeni mwaka jana, Mjerumani mmoja mrefu kama mgomba. Buti nzuri sana hizo, haziingizi maji."

Nikaingiza mkono ndani. Chini ya kisigino palikuwa na gazeti limekunjwa mara nyingi, limelowa, limekuwa gumu kama ubao. Nikalikunjua polepole. Wadau, lilikuwa gazeti letu. Na ukurasa wenyewe ulikuwa na habari yangu.

"Unanikanyaga siku zote hizi?"

"Usikasirike mdogo wangu. Karatasi ya kwenu inadumu kidogo."

Tukacheka mpaka machozi. Mama mkubwa hakucheka. Alisimama mlangoni akasema, "Mnacheka nini? Asubuhi ameshindwa kuvaa hata ndala kwenda kanisani." Tukanyamaza.

Nikavua viatu vyangu, nikatoa zile sponji zangu za elfu tatu, tukazijaribu kwenye buti. Kaka akafunga kamba, akatembea uani mara mbili. Kisigino bado kinatoka. "Labda uniletee pea nne," akasema.

Kwa wasiojua kazi yenyewe, naeleza kwa kifupi. Mgeni akipanda Kilimanjaro, mpagazi ndiye anayebeba hema, chakula, mitungi ya gesi na begi la mgeni. Mzigo wa kampuni unatakiwa usizidi kilo 20, na vitu vyake mwenyewe ni juu ya hapo. Halafu watu wengi wanadhani kazi iko kwenye kupanda. Muulize mgumu yeyote, atakwambia miguu inaharibikia kwenye kushuka. Kambi ya Barafu iko zaidi ya mita 4,600 kutoka usawa wa bahari. Geti la Mweka liko kama mita 1,640. Ni karibu mita 3,000 za kushuka, kwanza mawe, halafu ngazi za magogo, halafu matope ya msituni. Kwenye mteremko kama huo mguu unateleza mbele ndani ya buti, vidole vinagonga ncha kila hatua, damu inavilia chini ya kucha. Na sponji ya kisigino haizuii hilo. Ukikosea inaongeza, kwa sababu inausukuma mguu mbele.

Nimeshaanza kusikia majibu yenu, kwa hiyo nijibu mapema.

La kwanza: "Hao wamezoea. Babu zetu walipanda pekupeku." Ni kweli, Wachagga tunajivunia wazee wetu, akiwemo Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayetajwa kuwa aliongoza msafara wa Hans Meyer mwaka 1889. Lakini pekupeku na kiatu kibovu ni vitu viwili tofauti. Mnamkumbuka Abebe Bikila wa Ethiopia? Mwaka 1960 kule Roma alikimbia marathoni bila viatu kwa sababu vile alivyopewa havikumkaa vizuri. Akashinda kwa saa 2:15:16. Mwaka 1964 kule Tokyo akavaa viatu vinavyomtosha, akashinda tena, kwa saa 2:12:11. Watu wanapenda kusimulia ile ya Roma kana kwamba inatufundisha kuwa Mwafrika hahitaji kiatu. Mimi naisoma tofauti. Bingwa alijua kwamba kiatu kisichokutosha ni adui, akakikataa. Kaka yangu hawezi kukikataa, maana kule juu kuna baridi ya kuua.

La pili: "Si amepewa bure, analalamika nini?" Kwanza hakulalamika. Nimelalamika mimi. Pili, zawadi ni kitu kizuri na yule Mjerumani Mungu ambariki. Lakini kazi haiwezi kutegemea mguu wa mgeni una ukubwa gani. Hatuwapi madereva wa mabasi miwani ya abiria.

La tatu, na hili ndilo zito: "Viatu vya mlimani ni ghali." Hapo sina ubishi. Kuna mradi wa kusaidia wapagazi, KPAP, uliopo hapa Moshi tangu 2003, ambao umekuwa ukiwaazima wapagazi nguo na viatu vya mlimani bila malipo. Ni kazi ya kupongezwa. Kaka anaufahamu. Ila anasema mara nyingine simu ya kazi inaingia saa tatu usiku, na alfajiri anatakiwa awe kwenye gari la kwenda getini. Unavaa ulichonacho.

Nadhani hata hili jina tulilowapa limechangia. Wagumu. Ni jina la heshima, na wenyewe wanalipenda. Lakini tukishamwita mtu mgumu, tunaacha kumuuliza anaumia wapi.

Kwa hiyo naomba kutoa hoja. Getini kuna mizani, na mzigo unapimwa kwa kilo. Basi na miguu itazamwe kwa uzito uleule. Kampuni inayoandika jina la mpagazi kwenye orodha iandike na namba yake ya kiatu. Ni tarakimu mbili tu. Mgeni anayetaka kuacha buti zake aulizwe namba, kisha zipelekwe kwa anayezitosha, siyo kwa aliyesimama karibu naye siku ya kuagana. Na hapa hapa Moshi, pale Karanga, tuna kiwanda cha bidhaa za ngozi cha ubia wa Jeshi la Magereza na mfuko wa PSSSF. Mji unaotengeneza viatu, chini ya mlima wenye maelfu ya wapagazi, unashindwaje kukaa mezani na kampuni za utalii kuzungumzia buti za bei nafuu, za namba za miguu yetu?

Wakati tukisubiri hayo, yule fundi wa mnara wa saa ana ushauri wa bure. Nunua kiatu jioni, maana mguu huvimba kidogo ukishatembea mchana kutwa. Pima miguu yote miwili, ufuate ule mkubwa. Buti ya mlimani iachie vidole nafasi kidogo mbele, lakini kisigino kikae imara. Kabla ya kushuka, funga kamba upya: zizungushe mara mbili pale mguu unapokunjikia, kaza, halafu ndiyo uendelee juu. Sponji weka kama kiatu kimekuzidi nusu namba au namba moja. Ukiwa na kisukari au ganzi miguuni, mwone daktari kwanza, kwa sababu lengelenge usilolisikia linaweza kugeuka kidonda.

Jumanne tulienda Memorial mimi na kaka, tukazunguka karibu saa mbili. Buti za 44, 45, 46 ziko tele. Namba ndogo, wauzaji wanasema, zinaondoka siku hiyo hiyo furushi linapofunguliwa. Mwisho tukapata pea moja ya 43, elfu themanini, soli bado ina meno. Nikatoa nusu, akatoa nusu. Akaweka sponji zangu ndani, akafunga kamba, akapanda na kushuka ngazi za duka la jirani mara tano huku watu wanamshangaa. Kisigino hakikutoka.

Zile za 45 amempa jirani yake, naye ni mgumu. Nikamuuliza huyo jirani anavaa namba ngapi. Arobaini na tatu, na amenihakikishia kuwa magazeti anayo ya kutosha.