Jiwe la jikoni: mpishi achague, mwenye nyumba alipe



Tangu Mfungo Mosi kuingia, swali tunaloulizwa kuliko yote si la shela wala la mpambaji. Ni la kaunta ya jikoni. Nyumba imeshapigwa plasta, fundi anasubiri, bwana harusi anataka jibu kabla ya Ijumaa, na picha zilizohifadhiwa kwenye simu zote ni za aina moja: jiko jeupe, jiwe jeupe lenye mishipa ya kijivu, na bakuli la ndimu limewekwa pembeni kama pambo.

Zile ndimu ndizo zinazotuchekesha. Anayelijua jiwe lile asingethubutu kuzikata juu yake.

Maoni yetu tunayatoa mapema. Jiwe la asili ni zuri, linadumu, na mwenye uwezo nalo asione haya kuliweka. Lakini achague yule atakayepika juu yake, na alipe yule ambaye nyumba ni yake. Tunachokiona ni kinyume. Kaunta inachaguliwa na bwana harusi na rafiki yake dukani, chini ya taa kali, au inachaguliwa na wifi aliyeiona kwa jirani. Wanatazama inavyong'ara. Yule atakayesimama mbele yake kila siku haulizwi. Pesa ikipungua ndipo anapokumbukwa: "Si ana mahari yake?"

Tuanze na kuchagua. Mgeni ataliona jiwe hilo siku ya Idi na siku ya maulidi, tena kwa kupita. Wewe utalikuta saa kumi alasiri ya Ramadhani: ukwaju umerowekwa, ndimu zimekamuliwa, manjano ya urojo yamemwagika, samli inachuruzika ubavuni mwa bakuli, sufuria ya uji inatoka motoni na huna pa kuitua, na watoto wawili wanagombania kachori. Jiwe lichaguliwe kwa saa hiyo.

Lile jeupe la kwenye picha ni marumaru. Tahadhari ndogo hapa: madukani neno hili linabebeshwa mengi, hata vigae vya sakafu vinaitwa marumaru. Sisi tunazungumzia jiwe lenyewe, lililochimbwa na kukatwa mabamba. Asili yake ni mawe ya chokaa yaliyopikwa na joto na uzito wa ardhi mpaka yakakazana. Kwa hiyo ni ndugu wa matumbawe yaliyojengea nyumba za Mji Mkongwe, na wa chokaa iliyozipaka. Na chokaa haikai pamoja na ukali. Ndimu, ukwaju, siki, achari, hata maji ya tungule yakitua juu ya marumaru huila ngozi yake. Ukifuta, panabaki alama iliyofifia, pasipong'ara kama penginepo.

Alama hiyo si doa. Doa ni kitu kilichoingia ndani ya jiwe, na mara nyingi kinaweza kutolewa. Hii ni ngozi ya jiwe iliyoliwa, na dawa yake ni fundi kuja kulisugua na kuling'arisha upya. Muuzaji atakwambia ipo dawa ya kulipaka lisinywe. Ipo kweli, na inasaidia mafuta na manjano yasizame haraka. Ndimu haiizuii. Wapo wanaopenda marumaru hivyo hivyo, na wanaziita alama zile uzee wa heshima. Kwa mwenye moyo huo, sawa. Lakini biharusi ambaye kila alama ataulizwa na mama mkwe nani kaiweka, tunamwonea huruma.

Jiwe tunalolipendekeza sisi ni granaiti. Kamusi zinaliita itale, ila ukiulizia itale dukani utatazamwa tu. Kisiwa chetu ni cha matumbawe, hatuna jiwe hilo chini ya miguu yetu; aliyeyaona majabali ya Mwanza kando ya Ziwa Victoria ndiye aliyeliona linavyokaa nyumbani kwake. Ni mwamba ulioyeyuka chini kabisa ya ardhi ukapoa polepole, na chembe zake ni ngumu na haziliwi na ukali wa jikoni. Sufuria ya moto inalistahamili, ingawa sisi bado tunaweka kitambaa au kibao chini yake, hasa karibu na sinki ambako jiwe limekatwa na ni jembamba. Kisu hakilikwaruzi. Kisu ndicho kinachokuwa butu, kwa hiyo kibao cha kukatia kinabaki pale pale.

Sasa rangi, maana hapa ndipo mabiharusi wengi wanapopotezwa. Ukiambiwa "basi chukua nyeusi tupu inayong'ara", fikiri kwanza. Maji yetu ya kisima yana chokaa nyingi, na kila tone likikauka juu ya jiwe jeusi linaacha duara jeupe. Unga wa chapati utauona. Vidole vya watoto utaviona. Siku nzima utakuwa na kitambaa mkononi. Upande wa pili, granaiti nyeupe au ya krimu mara nyingi hunywa zaidi: manjano, samli, kutu ya kikaango kilicholazwa kibichi, na tusisahau hina na piko, maana wengi wetu tunakorogea pale pale jikoni. Sisi tunapenda iliyo katikati, kahawia au kijivu, yenye madoadoa kama ya ndege kanga. Haikupigi picha nzuri sana, hilo tunalikubali. Lakini saa kumi na moja jioni bado inaonekana safi.

Kuna pia kwatzi, ambayo wauzaji wanaiweka rafu moja na mawe. Huo ni unga wa mawe uliogandishwa kiwandani kwa gundi. Haiogopi ndimu, wala haihitaji dawa. Udhaifu wake ni moto: ile gundi haistahamili sufuria iliyotoka jikoni sasa hivi. Jambo jingine linamhusu fundi. Vumbi la kwatzi lina silika nyingi sana, na vumbi hilo likiingia kwenye mapafu halitoki, linayakausha. Australia iliona mafundi wake wakiugua, wengine wakiwa bado vijana, na tangu tarehe 1 Julai 2024 imepiga marufuku mawe hayo ya kutengenezwa. Granaiti nayo ina silika, ingawa kwa kawaida ni chache kuliko ya kwatzi, kwa hiyo jiwe lolote utakalochagua, sharti liwe moja: likatwe kwa maji, si kavu, fundi afunike pua na mdomo kwa barakoa inayofaa, na kazi hiyo isifanywe uani watoto wakicheza. Kijana yule naye ana mama yake.

Ukishaamua, usilipie siku hiyo hiyo. Omba kipande, nenda nacho nyumbani. Kidondoshee ndimu, ukwaju, samli, manjano ya maji na hina kidogo, ukilaze mpaka asubuhi, kisha ukioshe kwa sabuni. Kitakachobaki ndicho utakachoishi nacho. Mtihani huu ni muhimu kwa sababu majina ya dukani hayana amana. Marumaru laini huuzwa kwa majina mapya mazuri mazuri, na ndimu ndiyo itakayosema ukweli. Kama jiwe ni jeusi, chukua pamba yenye dawa ya kuondolea rangi ya kucha, ile ya asetoni, upanguse. Pamba ikitoka nyeusi, umeuziwa rangi. Halafu chagua bamba lenyewe, si mfano. Jiwe la asili halifanani; bamba lililoko nyuma ya duka linaweza kuwa na mshipa ambao ule mfano hauna. Liwekee alama ya chaki na upige picha.

Unene wa kawaida ni sentimita 2 au 3. Mita moja ya mraba ya sentimita 2 ina uzito wa kilo 50 na ushei, na ya sentimita 3 inakaribia kilo 80. Makabati ya mbao za unga, yale yanayofura kwa unyevu wa bahari, hayawezi mzigo huo. Hapa fundi wa zamani anayemimina slabu ya zege na kuliegemeza jiwe juu yake ana haki kuliko katalogi. Na kama jiwe linavushwa kutoka Dar, sisitizeni lisafiri limesimama ubavuni kama kitabu rafuni, lisilazwe. Bamba lililolazwa kwenye gari inayoruka mashimo huvunjika, na utetezi unaanza: meli, mchukuzi, dereva, kila mtu anamnyooshea mwenzake kidole.

Kimo nacho. Simama wima, kunja mkono, pima kuanzia sakafuni mpaka kiwiko, kisha kaunta iwe chini ya hapo kwa sentimita 10 hadi 15. Fundi atakuwekea 90 kwa kila mtu. Ukiwa mfupi, utakanda chapati mabega yakiwa juu miaka yote.

Utunzaji wake hauna mengi. Sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu. Siki usitumie, wala ile dawa kali ya chooni, hata kama jirani anaapa. Mwagia matone ya maji mara moja moja. Ukiona baada ya dakika chache jiwe limekoza rangi pale palipolowa, ni wakati wa kulipaka tena dawa ya kulizuia lisinywe.

Tufike kwenye pesa, maana hili ndilo lililotufanya tuandike.

Makazi na matumizi ni juu ya mume. Mahari ni haki ya mke, mali yake peke yake, si ya baba yake wala ya mumewe. Hayo tumeyasoma tangu chuoni. Sasa angalia kaunta ilivyo. Ni jiwe lililogandishwa kwa saruji kwenye nyumba ambayo mara nyingi haina jina la biharusi, pengine hata la bwana harusi halina, maana imejengwa kwenye kiwanja cha baba mkwe. Dhahabu ukihama unahama nayo, na ukishikwa na shida unaiuza. Masufuria, friji, cherehani, vyote vinapakiwa kwenye gari. Jiwe ukilibandua linapasuka. Tumewaona wanawake walioachwa wakiwa na eda ya kukaa na hawana senti, na mahari yao yote imelala pale jikoni, mwenzake anapikia.

Hatusemi haya kwa kuombea ndoa mabaya. Hata ndoa ikidumu, mwenye mahari yake mkononi ana mtaji wa kuanzisha biashara ya maandazi au ya vitambaa, na mwenye kaunta ana kaunta.

Najua-najua watasema: mke mwema husaidia, na watamtaja Bibi Khadija, Mungu amridhie. Tunakubali. Alitoa mali yake kwa hiari yake, akiwa anaijua na anaisimamia mwenyewe. Anayeombwa dukani, mbele ya fundi na ami zake bwana harusi, hajapewa hiari. Ukitaka kuchangia, changia kwa moyo wako, baada ya kulala na fikra hiyo usiku mmoja, na risiti iwe na jina lako, na wazee wa pande zote wajue. Hakuna ubaya wowote katika kuandikiana. Tumefundishwa kuandika hata deni dogo.

Na kama pesa ya mwenye nyumba haitoshi? Basi jiwe liwekwe penye kazi tu, kutoka jikoni mpaka kwenye sinki, mita moja na nusu au mbili, na kwingine kuwe na vigae. Vigae vizuri haviogopi ndimu wala moto. Kasoro yao ni zile fito za saruji katikati zinazoshika uchafu, na kwa hizo ipo brashi. Kukopa kwa ajili ya kaunta sisi tunakuona ni israfu, tena ile inayolipwa mwezi kwa mwezi huku futari inapungua.

Neno la mwisho ni la yule aliyekwisha kulipiwa jiwe lake na fundi yuko njiani. Sinki likikatiwa nafasi, kunatoka kipande kizima cha katikati, cha ukubwa wa sinia. Mafundi wengi huondoka nacho. Mwambie mapema kwamba unakitaka, akusugulie kingo zisikate mkono. Ni kibao cha kusukumia chapati kisichopata mfano, maana jiwe hukaa baridi na donge halishiki upesi. Na hicho hakijagandishwa popote.