Fimbo Haifundishi Mtoto Mwenye Usonji

Kasumba moja ingalimo madarasani mwetu, tangu Kongwa hadi Bahi: kwamba mtoto azibaye masikio kengele iliapo, au apigaye yowe ratiba ibadilikapo, ni mkaidi wa kutiwa adabu. Usonji, ambao daktari Leo Kanner aliueleza huko Marekani mwaka 1943, si ukaidi wala mapepo. Yowe lile mara nyingi ndiyo njia pekee aliyo nayo mtoto ya kusema kwamba anaumia.

Mwalimu atafute kwanza chanzo. Amtaarifu mtoto mapema kwamba kipindi kinakwisha, ikibidi kwa picha. Kunawa mikono nako kugawanywe: kuchota maji, kulowesha, kupaka sabuni, kusugua, kusuuza, hatua moja ikimkaa ndipo ifuate nyingine, na asifiwe papo hapo. Je, hayo yanadai fedha za kigeni?

Chama kinaamini kwamba binadamu wote ni sawa, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imekwisha kumpa mtoto huyu haki ya kusoma. Hata hivyo wapo watumishi, tena wasomi, wanaomfungia chumbani wageni wajapo. Kamati za shule ziulize katika kikao kijacho: ni nani kijijini hajaandikishwa, na nani amemficha?