Urefu Sawa wa Mirija Hauleti Mgawo Sawa

Hoja kwamba mirija ya kivukizi, yaani sehemu ya mtambo wa baridi ambamo kipozaji huchemka na kunyonya joto, ikikatwa kwa urefu mmoja basi kila mrija utapata fungu lake, ni ukweli nusu, na nusu iliyoachwa ndiyo inayoharibu mitambo. Urefu sawa husawazisha ukinzani tu. Hauchanganyi kimiminika na mvuke, ambavyo hutoka pamoja kwenye vali ya upanuzi, mahali ambapo shinikizo hushushwa ghafla. Kwa kipozaji cha R-134a kilicho katika nyuzi 0 za Selsiasi, kimiminika ni kizito takriban mara 90 kuliko mvuke wa ujazo ule ule, hivyo robo ya uzani ikiwa mvuke, mvuke huo hujaza zaidi ya asilimia 95 ya nafasi. Katika bomba la mlalo, mwendo ukipungua, kimiminika hutuama chini na mirija ya juu huambulia mvuke mtupu. Mrija uliofurika nao hupeleka kimiminika hadi kwenye kihisi cha vali, vali ikajibana, na mirija iliyopungukiwa ikazidi kunyimwa. Ndiyo maana kigawanyi bora, yaani kifaa kinachogawa kipozaji kwenye mirija, huwa na tundu jembamba linalochanganya kwa kasi, hufungwa wima karibu na vali, kisha ndipo mirija ya urefu sawa hufuata. Anayemshauri fundi apime urefu peke yake anamtwisha mwenye mtambo gharama ya umeme na kompresa iliyokufa. Ushauri huo usifuatwe.