Utakatifu hauko msituni, uko hapa hapa mtaani

Kijana wa Watamu, tuongee wazi. Ukisikia neno "utakatifu", unawaza nini? Pengine sanamu ya kanisani, mtawa na shela yake, au yule jamaa wa kwaya anayemhukumu kila mtu. Huwazi zamu ya usiku hotelini, wala foleni ya tuktuk pale Gede, wala bando linaloisha kabla ya mwezi kuandama. Na tatizo linaanzia hapo. Ukishaamini kwamba utakatifu unakaa mbali na maisha yako, yeyote atakayekuja akidai anaijua njia ya huko utamfuata tu.

Sisi watu wa Kilifi hatuhitaji mifano ya kubuni kulielewa hilo. Aprili 2023 makaburi yalianza kufukuliwa Shakahola, msitu ulioko upande wa bara kutoka Malindi. Hesabu ilipita miili 400, na wengi walikuwa watoto. Upande wa mashtaka ulisema watu waliambiwa wafunge kula hadi wafe, ndipo wakutane na Yesu. Washtakiwa walikanusha, na hayo tunaiachia mahakama. Lakini makaburi tuliyaona. Mwaka 2025, katika kaunti hii hii, miili mingine ikafukuliwa Kwa Binzaro.

Ni rahisi kusema waliokwenda kule walikuwa wajinga. Si kweli. Baadhi yao walikuwa na kazi nzuri na elimu yao. Walikuwa na kiu ya Mungu, na kiu hiyo si kosa. Wewe pia unayo, hata kama huisemi mbele ya marafiki. Swali la maana ni maji yapi unayoyanywa.

Kwa hivyo leo tuangalie Kanisa Katoliki linafundisha nini kuhusu kukua katika utakatifu. Kama wewe ni Mkatoliki, huenda ni mambo uliyosikia katekisimu ukiwa unasinzia. Kama si Mkatoliki, soma tu. Mengi utayatambua kutoka nyumbani kwenu.

Tuanze na hilo la kufunga, maana ndilo lililotuumiza. Sheria ya Kanisa inamtaka Mkatoliki afunge kwa siku mbili tu kwa mwaka: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Na kufunga kwenyewe ni nini? Ni kula mlo mmoja kamili, na viwili vidogo ambavyo vikijumlishwa havifiki mlo mmoja. Sheria hiyo inamhusu aliyetimiza miaka 18 mpaka anapoingia mwaka wake wa 60. Mtoto hayumo. Mgonjwa na mjamzito hawabanwi. Unaweza kujitolea zaidi, lakini kwa kiasi ambacho hakiui mwili, kwa sababu mwili ni zawadi ya Mungu na si adui wa roho. Unajinyima ili sahani ya jirani ipate kitu. Kufunga kusikomlisha mtu mwingine ni diet tu.

Majirani zetu Waislamu wanalielewa hili vizuri. Mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresima zilianza siku chache tu moja baada ya nyingine, na mtaa mzima ukawa unajinyima pamoja. Jioni ikifika, futari inaliwa na sahani inapelekwa kwa jirani. Hakuna anayeambiwa asile tena kabisa.

Jambo la pili ndilo kiini cha makala haya. Tarehe 21 Novemba 1964, Mtaguso wa Pili wa Vatikani ulitoa hati iitwayo Lumen Gentium. Sura yake ya tano inasema jambo ambalo wengi hawajalisikia mpaka leo: utakatifu si wa mapadri na watawa peke yao. Kila aliyebatizwa ameitwa, katika hali yake na kazi yake. Mvuvi kama mvuvi. Mama wa mboga kama mama wa mboga. Wewe kama wewe.

Mwezi mmoja tu kabla ya hati hiyo, tarehe 18 Oktoba 1964, Papa Paul VI aliwatangaza watakatifu Wakatoliki 22 waliouawa Uganda kati ya 1885 na 1887. Wengi wao walikuwa vijana wa kazi katika jumba la Kabaka. Kizito alikuwa na miaka kama 14 hivi. Hawakukimbilia msituni kutafuta utakatifu, uliwakuta kazini.

"Hayo ni ya zamani," utasema. Sawa, twende karibu. Floribert Bwana Chui alikuwa kijana wa Goma, mashariki mwa Kongo. Alisomea sheria, akaongea Kiswahili kama wewe, akapata kazi ya serikali kwenye shirika la kukagua bidhaa mpakani. Muda wake wa ziada aliutumia kwa watoto wa mitaani pamoja na wenzake wa Jumuiya ya Sant'Egidio. Siku moja ukaja mchele ulioharibika, ukitaka kupita uende sokoni. Akapewa hongo. Akakataa. Julai 2007 alitekwa, akateswa na kuuawa. Alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenyeheri jijini Roma.

Hebu fikiria hapo. Kilichomfikisha kwenye altare ni mchele. Ni uamuzi wa ofisini, wa mtu aliyeona kwamba mzigo ule utaumiza matumbo ya watu asiowajua. Sisi tuna msemo wetu: penye udhia penyeza rupia. Floribert aliukataa kwa gharama ya maisha yake.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 7 Septemba 2025, Papa Leo XIV alimtangaza mtakatifu Carlo Acutis, mvulana wa Milano aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15. Watamu tunawajua Waitaliano; wengine mnawasalimia kwa lugha yao kuliko mnavyomsalimia mjomba. Huyu alipenda kompyuta, akajenga tovuti ya kueleza Ekaristi, na michezo ya video akajiwekea saa moja tu kwa wiki. Amelazwa Assisi akiwa amevaa jinzi na raba. Alitumia mashine bila kukubali mashine imtumie. Wewe simu yako unaitumia, au yenyewe ndiyo inakutumia?

Basi, kwa kijana wa Watamu, siku moja ya kukua katika utakatifu inakaaje?

Asubuhi, kabla ya kushika simu, fanya ishara ya msalaba. Sema Baba Yetu polepole, mara moja, ukimaanisha. Dakika moja. Usidharau dakika moja, haba na haba hujaza kibaba. Ukiwa kwenye matatu kwenda Malindi, kumi moja la rozari linaisha kabla dereva hajamaliza kugombana na kondakta.

Kazini ndipo mtihani ulipo. Mgeni ameacha pochi chumbani. Mtalii hajui bei ya tuktuk, na wewe unajua kwamba hajui. Mpishi anataka kupitisha samaki wa jana. Mzee wa kigeni anakuahidi maisha mazuri, na unaelewa fika anataka nini badala yake. Hapa ufuoni wako waliouza ujana wao hivyo, na hatuandiki kuwacheka. Njaa ni njaa. Lakini tuseme ukweli: hakuna sala inayoweza kuchukua nafasi ya uamuzi utakaoufanya dakika ile. Sala inakuandaa kwa dakika ile.

Mchana, tendo moja la huruma. Kanisa lina orodha ya kale: matendo saba ya kimwili na saba ya kiroho. Kulisha mwenye njaa, kumtembelea mgonjwa, kumzika marehemu, kumfariji mwenye huzuni, kumvumilia msumbufu. Hilo la mwisho unaweza kulitimiza bila kutoka nyumbani. Papa Francis, katika waraka wake wa 2018 kuhusu utakatifu, alitoa mfano wa mwanamke aliyeenda sokoni, akakutana na jirani, umbea ukaanza, naye akaamua moyoni kutomsema mtu vibaya. Akasema hiyo ni hatua mbele katika utakatifu. Kwa mitaa yetu na magrupu yetu ya WhatsApp, hiyo si hatua ndogo!

Usiku, kabla ya kulala, ipitie siku yako. Zoezi hili linatokana na Mtakatifu Ignatius wa Loyola. Shukuru kwa jambo moja. Jiulize nimempenda nani leo, na nimemkwaza nani. Omba msamaha, kisha panga kesho utarekebisha nini. Dakika tano. Yale mazito yapeleke kwenye kitubio. Padri hana ruhusa ya kuitoa siri ya maungamo kwa yeyote, hata akitishwa. Na si lazima uende kwa yule anayewajua wazazi wako.

Rafiki yake Ignatius alipita hapa kwetu. Mwaka 1542, Mtakatifu Francis Xavier alishuka Malindi akielekea Goa. Aliandika katika barua kwamba mzee mmoja Mwislamu alimlalamikia kuwa ibada imepoa mjini: kati ya misikiti 17, ni mitatu tu iliyokuwa na watu. Kwa hiyo mtu akikwambia vijana wa siku hizi ndio wameharibika, mwambie lawama hiyo ina karibu miaka 500 hapa hapa pwani. Tena ona jambo zuri: watu wa dini mbili walikaa wakaongea juu ya kumcha Mungu.

Tunajua utakavyojitetea. "Jumapili niko zamu." Misa ya Jumamosi jioni inahesabiwa kuwa ya Jumapili, ulizia parokiani. "Kanisani kumejaa wanafiki." Ni kweli wapo, na hospitalini kumejaa wagonjwa pia. "Msimu wa watalii umeisha, sina kazi, sina hata moyo wa kusali." Hilo ndilo zito. Pasaka ikipita, hoteli nyingi hufunga, mvua huingia, na kijana aliyekuwa na bakshishi mfukoni hubaki hana hata nauli. Ndio wakati ambao wahubiri wa ajabu hupata wateja. Ndio wakati pia wa kuikumbuka jumuiya ndogo ndogo ya mtaani kwenu, ambapo watu kumi na wawili husoma Injili sebuleni, kisha wakaulizana nani hajala. Usiione kama kikao cha wamama. Mtu aliye na jumuiya inayomjua kwa jina hapotei msituni bila mtu kuuliza yuko wapi.

Kwa hivyo, mtu akikuletea fundisho jipya la utakatifu, awe na maikrofoni au wafuasi laki mbili TikTok, mpime kwa maswali matatu. Je, linanifanya niwapende zaidi watu wa nyumbani, au linanitenga nao? Je, naruhusiwa kuuliza maswali, kusoma na kwenda hospitali? Na huyu kiongozi mwenyewe anawajibika kwa nani? Maswali hayo yasiwabague wala Wakatoliki. Padri au katekista akikutenga na familia, akikudai siri au mwili wako, huo si utakatifu. Ripoti.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Utakatifu wa kweli haupigi kelele. Unajulikana kwa mgeni aliyerudishiwa pochi, mama aliyesaidiwa ndoo, msichana aliyeheshimiwa, mlevi aliyesindikizwa nyumbani usiku. Na Kanisa linafundisha kwamba hata hayo huyawezi kwa nguvu zako peke yako. Ni neema, zawadi, nawe kazi yako ni kufungua mlango kila siku. Utaanguka. Utainuka. Hakuna mtakatifu aliyeanza akiwa amemaliza.

Waliozikwa Shakahola waliambiwa kwamba Mungu yuko mwisho wa njaa. Tuna deni kwao: kuishi tukionyesha kwamba sivyo. Leo jioni kuna mtu mtaani kwenu hajala. Anza na huyo.