Funzo la Roger Milla kwa Watu wa Visiwani

Mwezi Oktoba mwaka 2025 taifa la Cape Verde, lenye visiwa kumi na watu wanaozidi kidogo tu nusu milioni, lilijipatia nafasi ya kwanza katika historia yake ya kucheza fainali za Kombe la Dunia za mwaka 2026. Watu wa visiwani kila pahala walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini habari hiyo ina upande wa pili ambao haukuzungumzwa vya kutosha. Nchi iliyoachwa nyuma katika kundi lile ni Kameruni, ile ile iliyokuwa ya kwanza barani Afrika kufika robo fainali ya mashindano hayo. Mwezi uliofuata Kameruni ikafungwa bao 1-0 na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na matumaini yake yakaishia hapo.

Imekuwaje mkubwa akapitwa na mdogo? Jawabu moja limo katika maisha ya mshambuliaji mmoja mstaafu, naye ni Roger Milla.

Milla alizaliwa Yaoundé tarehe 20 Mei, 1952. Alisakata kandanda nyumbani katika klabu za Léopard ya Douala na Tonnerre ya Yaoundé, na mwaka 1976 akachaguliwa kuwa mchezaji bora wa Afrika. Baadaye alikwenda Ufaransa, akachezea Valenciennes, Monaco, Bastia, Saint-Étienne na Montpellier. Alikuwemo katika timu ya taifa iliyokwenda Hispania mwaka 1982 na kurudi bila ya kufungwa hata mchezo mmoja. Alikuwemo vile vile Kameruni ilipotwaa Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1984 na mwaka 1988. Baada ya hapo aliagana na timu ya taifa, na wengi walidhani kuwa kazi yake imekwisha.

Msomaji wa visiwani hana budi kuzingatia kwamba mara mbili katika maisha yake Milla alikuwa mchezaji wa kisiwa. Bastia ni mji wa Corsica. Mwaka 1981 timu hiyo ilishinda Kombe la Ufaransa kwa kuifunga Saint-Étienne mabao 2-1, na moja ya mabao hayo lilikuwa la Milla. Hadi leo hakuna klabu nyingine ya Corsica iliyopata kulitwaa kombe hilo. Kisha, alipokuwa akielekea miaka 38, alikwenda kuchezea klabu ya Saint-Pierroise katika kisiwa cha Réunion, humu humu katika Bahari yetu ya Hindi. Wakubwa wa Ulaya walikuwa hawamhitaji tena. Ligi ndogo ya kisiwa ndiyo iliyomweka viwanjani.

Ni kutoka huko ambako Rais Paul Biya alimtaka arejee katika timu ya taifa iliyokuwa ikijiandaa kwa fainali za Italia za mwaka 1990. Yaliyofuata yanafahamika ulimwengu mzima. Tarehe 14 Juni, mjini Bari, Milla aliingia kipindi cha pili akaifunga Romania mabao mawili. Tarehe 23 Juni, mjini Napoli, aliifunga Kolombia mawili mengine katika muda wa nyongeza, moja kati ya hayo baada ya kumpokonya mpira mlinda mlango René Higuita mbali na lango lake. Katika robo fainali Uingereza ilisalimika kwa mabao 3-2, mawili ya mikwaju ya penalti yaliyofungwa na Gary Lineker, baada ya Kameruni kuongoza 2-1 hadi dakika za mwisho. Baada ya fainali hizo nafasi za Afrika ziliongezwa kutoka mbili hadi tatu mwaka 1994, na katika fainali za mwaka 2026 zimetengwa nafasi 9 za moja kwa moja. Ng'ombe hazeeki maini.

Insafu yatutaka tukiri kwamba wito ule wa mwaka 1990 ulikuwa wa busara. Kiongozi alitazama uwezo wa mtu, hakutazama cheti chake cha kuzaliwa wala udogo wa ligi aliyokuwamo.

Lakini insafu hiyo hiyo yatutaka tuseme na lililobaki. Mwaka 1994, katika fainali za Marekani, aliitwa tena Milla yule yule. Tarehe 28 Juni aliifunga Urusi bao moja akiwa na umri wa miaka 42 na siku 39, na hakuna mwenye umri mkubwa kuliko huo aliyewahi kufunga bao katika fainali hizo. Siku hiyo hiyo Kameruni ilifungwa mabao 6, matano yakiwa ya mtu mmoja, Oleg Salenko, na timu ilikwenda nyumbani ikiwa imegubikwa na ugomvi wa posho. Mara ya kwanza wito ulimkuta mkongwe mwenye timu iliyo tayari. Mara ya pili wito uliletwa kuziba pengo la maandalizi, na wito pekee haujengi timu.

Hatusemi kwamba Kameruni haikupata kitu baada ya hapo. Ilitwaa Kombe la Afrika mwaka 2000, 2002 na 2017, na medali ya dhahabu ya Olimpiki mwaka 2000. Vipaji havikukosekana hata siku moja. Utaratibu ndio uliokosekana. Mwaka 2014 wachezaji walikataa kupanda ndege ya kwenda Brazil mpaka suala la malipo yao litatuliwe. Mwaka 2024 wizara ilimteua kocha, na shirikisho la mpira, linaloongozwa na mshambuliaji mwingine mstaafu, Samuel Eto'o, likapinga namna alivyoteuliwa. Wagombanapo fahali wawili, ziumiazo ni nyika.

Cape Verde ilishika njia nyingine. Mwaka 2020 ilimkabidhi timu Bubista, mwana wa kisiwa cha Boa Vista na beki wa zamani wa timu hiyo hiyo, ikampa muda wa kufanya kazi. Iliwatafuta vijana waliozaliwa ughaibuni na wazazi wa visiwani, ikawaunganisha na wenzao wa nyumbani. Mwanzoni mwa mwaka 2024 ikafika robo fainali ya Afrika, na mwezi Septemba 2025 ikaifunga Kameruni bao 1-0 mjini Praia. Kazi hiyo haikufanyika kwa siku moja.

Kwa hiyo wakuu wetu wa michezo wana mambo matatu ya kuyatafakari. Kwanza, ligi ya kisiwa isidharauliwe. Saint-Pierroise ile ile ilipofika mwezi Januari mwaka 2020 iliitoa Niort ya daraja la pili la Ufaransa katika Kombe la Ufaransa, tena ugenini. Kiwanja kinachotunzwa na ratiba inayoheshimiwa ndivyo vinavyohifadhi kipaji hadi siku ya kuhitajiwa.

Pili, mchezaji mstaafu asisubiri kukumbukwa siku ya sherehe. Apewe vijana wa kuwafunza, apewe madaraka yanayoeleweka na muda wa kutosha, kisha aulizwe matokeo.

Tatu, haki ya mchezaji ilipwe kwa wakati. Tulifundishwa chuoni tukiwa wadogo kwamba ujira wa mtu hulipwa kabla jasho lake halijakauka. Agizo hilo halikumbagua mfanyakazi wa shamba na mfanyakazi wa kiwanjani.

Katika vitongoji vya Unguja na Pemba wapo wazee ambao majina yao yaliwahi kujaza viwanja. Wengine hukaa barazani jioni wakiwatazama vijana wakicheza mchangani bila ya mwalimu. Mwalimu yupo hapo hapo barazani. Kinachongojewa ni wa kumpa kazi. Viongozi wasingoje mpaka kombe liwe mlangoni ndipo wamtafute.