Kutu Iliyo Chini ya Rangi

Vijana wetu wakaao Uingereza, twasikia miongoni mwenu wamo wapendao kufufua Land Rover kuukuu ili waiendeshe siku chache za kiangazi. Kazi hiyo ni njema, ila ina sharti.

Gari hilo lilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948. Chuma kilikuwa adimu baada ya vita, basi sehemu kubwa ya bodi ilifanywa kwa alumini, isiyoshika kutu. Lakini fremu iliyo chini ni chuma, na chumvi imwagwayo barabarani wakati wa baridi huila kutoka ndani.

Basi rangi isikudanganye. Ingia uvunguni, uigonge fremu kwa nyundo: penye uzima hulia, penye kuoza hubonyea. Palipooza hukatwa, hapo huchomelewa chuma kipya. Mabomba ya breki yafuate. Rangi iwe ya mwisho.

Tangu mwaka 2018, sheria ya huko huyasamehe ukaguzi wa kila mwaka magari yaliyopita miaka 40, ikiwa hayakubadilishwa sana. Msamaha huo hauondoi wajibu, bali wamwachia mwenye gari peke yake. Watoto wapandao nyuma hawaijui fremu. Wamjua baba yao tu. Hiyo ni amana, nayo haipakwi rangi.